Kichwa Kinaniuma: Ufafanuzi wa Maumivu ya Kichwa na Namna ya Kuyapunguza

Utangulizi

"Kichwa kinaniuma" ni sentensi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili amewahi kuitamka, awe mtoto wa shule ya msingi anayetamani kurudishwa nyumbani au mhadhiri anayeahirisha kipindi. Ikichunguzwa kisarufi, sentensi hii ina jambo la kustaajabisha kidogo. Kiima ni kichwa, ilhali mwenye kichwa amekuwa kiambishi tu, -ni-, kilichobanwa katikati ya kitenzi. Kitenzi chenyewe, -uma, ndicho kile kile kinachotumiwa kwa mbwa, nyoka na mbu. Msemaji hujitenga na kichwa chake na kukishtaki kana kwamba ni mnyama aliyemvamia.

Picha hiyo inapendeza katika fasihi lakini haimtoshelezi tabibu. Mgonjwa anayefika zahanati na kutamka sentensi hiyo pekee huwa amemwambia mhudumu wa afya kwamba kuna kichwa na kuna maumivu, basi. Hajamwambia ni upande gani, tangu lini, ni maumivu ya kubana au ya kugonga, wala kama mwanga na kelele vinayazidisha. Hilo lingekuwa jambo dogo lau kungekuwa na mashine ya kujibu maswali hayo. Ukweli ni kwamba aina za maumivu ya kichwa zinazowasumbua watu wengi zaidi hazionekani katika kipimo cha damu wala katika picha ya ubongo. Daktari huzitambua kwa kusikiliza. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa si utangulizi wa uchunguzi. Aghalabu ndiyo uchunguzi wenyewe.

Makala haya yanafafanua aina kuu za maumivu ya kichwa kwa kutumia msamiati ambao Kiswahili tayari kinao, kisha yanajadili njia za kuyapunguza, pamoja na hatari moja isiyofahamika vya kutosha miongoni mwa wanafunzi, yaani kwamba tembe za kutuliza maumivu zinaweza kugeuka kuwa chanzo cha maumivu hayo hayo.

Kinachouma ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba kichwa kikiuma, ubongo ndio unaouma. Dhana hii si sahihi. Nyama ya ubongo haina vipokezi vya maumivu, na ndiyo maana wapasuaji huweza kufanya baadhi ya upasuaji wa ubongo mgonjwa akiwa macho na akizungumza nao. Vinavyouma ni vitu vinavyouzunguka ubongo: utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli ya kichwa, ya taya na ya shingo, na neva kubwa inayohudumia uso na paji. Kwa kuwa neva hizo hukutana na zile za shingo karibu na shina la ubongo, maumivu yanayoanzia kisogoni yanaweza kusikika nyuma ya jicho.

Mwaka 1988, wataalamu wa kimataifa wa maradhi ya kichwa walichapisha uainishaji wa kwanza uliokubalika kote. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2018. Uainishaji huo una aina nyingi mno, lakini msingi wake ni mgawanyo mmoja. Kuna maumivu ya msingi, ambayo yenyewe ndiyo maradhi, na kuna maumivu fuasi, ambayo ni dalili ya maradhi mengine kama vile malaria, homa ya uti wa mgongo au shinikizo kubwa mno la damu. Walio wengi wana maumivu ya kundi la kwanza. Wanaoangamia ni wa kundi la pili.

Kubana, kuwanga, kupwita

Mwandishi Virginia Woolf, katika insha yake ya mwaka 1926 kuhusu kuugua, alilalamika kwamba Kiingereza, pamoja na utajiri wake wote wa kifasihi, kinapungukiwa na maneno pale mtu anapotaka kumweleza daktari maumivu ya kichwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hana kisingizio hicho. Kichwa chaweza kubana, kukaza, kugonga, kupwita, kuchoma, kuvuta au kuwa kizito. Chaweza pia kuwanga, kitenzi ambacho vijana wengi wa leo hukifahamu kwa maana ya shughuli za wachawi usiku, lakini ambacho kina pia maana ya kichwa kuuma kwa nguvu. Sehemu za kichwa nazo zina majina: utosi, kisogo, paji la uso, panja. Tatizo si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba maneno haya yamebaki katika kamusi na vinywani mwa wazee, huku kijana akitosheka na "kichwa" tu.

Maumivu yanayowapata watu wengi zaidi ni yale ya mkazo. Mgonjwa huhisi kama amefungwa kamba au kitambaa kilichokazwa kuzunguka kichwa. Kichwa hubana pande zote mbili, hakipwiti, na maumivu huwa ya wastani. Hayamzuii mtu kutembea wala kupanda ngazi, na hayamtapishi. Yanaweza kudumu nusu saa au hata siku saba. Mwanafunzi aliyeinamia tarakilishi tangu asubuhi akimalizia tasnifu, ambaye hajanywa maji wala kunyoosha shingo, anayafahamu vyema.

Kipandauso ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. Jina lake linavutia. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu, na kutokana nalo likazuka jina la Kifaransa lililoenea Ulaya. Waarabu waliuita shaqiqa, neno linalotokana na mzizi wenye maana ya kupasua au nusu. Wote hao walitazama mahali maumivu yanapokaa. Mswahili alitazama mwendo wake: kitu kinachopanda uso. Pengine alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu si kila kipandauso hukaa upande mmoja. Wapo wagonjwa wengi wanaoumwa pande zote mbili.

Kipandauso kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Aghalabu hupwita, yaani hupiga kufuatana na mapigo ya moyo, na huzidi mtu anapotembea au kuinama. Huambatana na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa huchukia mwanga na kelele hata akajifungia katika chumba chenye giza. Kwa baadhi ya wagonjwa, maumivu hutanguliwa na ishara ambazo madaktari huziita aura: mistari ya kumetameta yenye pembepembe inayotanda machoni, ganzi inayopanda mkononi hadi usoni, au ugumu wa kupata maneno. Ishara hizo hukua polepole na kila moja hudumu kati ya dakika 5 na 60. Kinachosababisha haya yote ni mfumo wa neva ulio mwepesi mno wa kusisimka, hali ambayo mara nyingi hurithiwa. Wanawake huathirika mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, hususan kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa homoni, na ndiyo maana wengi huumwa karibu na siku za hedhi.

Ni vyema kusema wazi kwamba kipandauso si udhaifu wa moyo wala hila ya kukwepa mtihani. Shirika la Afya Duniani linayahesabu maradhi haya miongoni mwa yale yanayowanyima watu uwezo wa kufanya kazi kwa kiasi kikubwa duniani. Hata hivyo, mwanafunzi wa kike anayekosa jaribio kwa sababu ya kipandauso mara nyingi huambiwa kwamba anapiga chuku. Msemo huu una kinaya chake. Wanafunzi wa fasihi huifahamu chuku kama tamathali ya kutia chumvi, lakini chuku kwa asili ni pembe ya kuumikia, yaani pembe ambayo waganga walimwekea mgonjwa mwilini ili kufyonza damu, na maumivu ya kichwa ni miongoni mwa maradhi yaliyotibiwa kwayo. Aliyepigwa chuku alikuwa mgonjwa wa kweli.

Aina ya tatu ni adimu lakini ni kali kupita zote. Hushambulia nyuma ya jicho moja kwa muda wa dakika 15 hadi 180, pengine mara kadhaa kwa siku, kwa majuma mfululizo. Jicho hilo huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba upande huo, na mgonjwa, tofauti na mwenye kipandauso anayetaka kulala tuli, hawezi kutulia. Tembe za kawaida hazimfai. Hutibiwa hospitalini kwa kuvuta hewa safi ya oksijeni au kwa sindano maalumu, na anayeshuku kuwa na hali hii amwone daktari bila kujaribu dawa za dukani.

Si kila kichwa ni malaria

Kwa miaka mingi, katika maeneo mengi ya Kenya, kichwa kilichouma pamoja na joto la mwili kilitibiwa kama malaria bila kupimwa. Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ushauri huo ni wa maana kwa pande zote mbili. Mwenye malaria asipotibiwa haraka anaweza kufa, hasa anapotoka Nairobi au Nyeri kwenda likizo Kisumu, Busia au Kilifi bila kinga ya kutosha mwilini. Lakini asiye nayo akipewa dawa za malaria, ugonjwa wake halisi huendelea kukomaa.

Pwani pana jambo la ziada. Mji wa Mombasa ulikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2013 na mwingine mwaka 2021. Homa hii, ambayo Kiswahili huiita kidingapopo, na ambayo baadhi ya wataalamu hudai kwamba hata jina lake la kimataifa lina asili ya Kiswahili, huleta maumivu makali nyuma ya macho, viungoni na misulini. Mgonjwa wa kidingapopo hapaswi kumeza aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo humwongezea hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo inayoshauriwa mpaka vipimo vitoe jibu.

Kuna dalili nyingine ambazo zikiandamana na maumivu ya kichwa hazingoji asubuhi. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, inashukiwa homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopotea ni hatari. Maumivu yanayolipuka ghafla na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja, ambayo mgonjwa huyaeleza kuwa hajawahi kuyapata maishani, yanaweza kuwa ya damu inayovuja kuzunguka ubongo. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au kauli kukwama kwa ghafla ni dalili za kiharusi. Mama mjamzito aliyepita wiki ya 20, akiumwa kichwa sana na kuona maruweruwe, apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo kwa kuwa hizo zinaweza kuwa dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Vivyo hivyo aliyegongwa kichwani, mwenye kinga dhaifu ya mwili, na yule aliyeanza kuumwa kichwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50.

Dalili moja huwahusu moja kwa moja wanafunzi wanaopanga vyumba nje ya chuo. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na dalili yake ya mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Wote waliomo chumbani wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja, cha kufanya ni kutoka nje mara moja, si kutafuta tembe.

Tembe zinapogeuka

Duka la dawa liko karibu na kila lango la chuo, na tembe za kutuliza maumivu huuzwa hata katika vibanda vya maziwa na mkate. Urahisi huu una gharama. Mtu mwenye maumivu ya mara kwa mara humeza tembe, akapata nafuu, kisha maumivu yakarudi, akameza tena. Baada ya miezi kadhaa mfumo wake wa neva huzoea dawa, na kila dawa inapoisha mwilini kichwa huanza kuuma upya. Anachodhani ni ugonjwa wake wa zamani kimekuwa ugonjwa mpya uliotengenezwa na tiba.

Mipaka inajulikana. Anayetumia parasetamoli, aspirini au ibuprofeni peke yake kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo hatarini. Kwa tembe zilizochanganya dawa mbili au tatu, kwa dawa za jamii ya triptani na kwa zile zenye kodeini, mpaka ni siku 10 tu kwa mwezi, yaani takriban siku mbili au tatu kwa juma. Tembe nyingi zinazopendwa vibandani ni za mchanganyiko, na baadhi zina kafeini ndani yake. Msomaji na asome maandishi madogo yaliyo kwenye pakiti. Ni matini fupi kuliko riwaya yoyote ya mtaala.

Tiba yake ni kuacha. Kwa dawa za kawaida mtu anaweza kuacha mara moja, ingawa atarajie siku kadhaa, pengine zaidi ya juma, za maumivu makali kuliko awali. Wengi huona nafuu katika muda wa miezi miwili. Aliyezoea kodeini au tramadoli asijaribu kuacha peke yake. Hao hupunguziwa dozi kidogo kidogo na daktari.

Njia za kupunguza maumivu

Kwa maumivu ya mkazo, mara nyingi dawa haihitajiki. Kunywa maji, kula chakula kilichorukwa, kunyoosha shingo na mabega kila baada ya nusu saa au saa moja ya kusoma, kukandwa kisogo na mabega, na kulala, huwatosha wengi. Desturi ya nyanya ya kupaka mafuta ya nazi na kukanda panja kwa vidole si ushirikina. Misuli iliyokaza hulegea ikikandwa. Tembe mbili za parasetamoli za miligramu 500 zinamfaa mtu mzima, mradi zisizidi nane kwa siku, kwa kuwa zaidi ya hapo ini hudhurika. Anayezichanganya na tembe nyingine za mafua ahakikishe kwamba nazo hazina parasetamoli.

Kwa kipandauso, siri ni kuwahi. Shambulio linapoanza, tumbo hupunguza kasi ya kusaga na kusukuma chakula, na tembe iliyochelewa hukaa humo bila kufika kwenye damu. Ibuprofeni ya miligramu 400 ikimezwa mapema pamoja na chakula kidogo hufaa zaidi kuliko tembe nne za kujaribujaribu baadaye. Hata hivyo, mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo au mimba asiitumie bila ushauri, na aspirini wasipewe watoto. Chumba chenye giza, kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi juu ya paji, na usingizi vina nafasi yake. Anayepata mashambulio siku nne au zaidi kila mwezi aulize kuhusu dawa za kinga zinazotumiwa kila siku, kama vile propranololi, ambayo haimfai mwenye pumu, au amitriptilini. Dawa hizi si ghali wala si mpya, lakini wagonjwa wengi hawajawahi kusikia kwamba zipo. Aidha, mwanamke mwenye kipandauso chenye aura amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuchagua tembe za kupanga uzazi, kwa sababu zile zenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine salama.

Kafeini inahitaji kauli ya pekee. Kikombe cha kahawa huweza kusaidia dawa ifanye kazi, lakini aliyezoea vikombe vingi akikosa kwa siku moja huumwa kichwa. Ndiyo maana Waislamu wengi huumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani, wakadhani ni njaa peke yake. Wanaopunguza chai na kahawa taratibu katika juma la mwisho la Shaabani, na kunywa maji ya kutosha wakati wa daku, huumia kidogo.

Ratiba nayo ina uzito. Kipandauso huchukia mabadiliko ya ghafla: usiku wa kukesha, asubuhi bila chakula, hata utulivu unaokuja baada ya dhiki. Wapo wanafunzi wanaomaliza mitihani salama Ijumaa, wakaangushwa na kipandauso Jumamosi, wakalaumu sherehe ambayo hawakuhudhuria.

Kwa yeyote anayeumwa kichwa mara kwa mara, hatua ya kwanza ni daftari. Kwa muda wa miezi miwili aandike kila shambulio: tarehe, saa lilipoanza na lilipokwisha, sehemu ya kichwa, namna ya maumivu, yaliyoandamana nayo, alichokula na alivyolala siku iliyotangulia, hedhi kwa wanawake, na kila tembe aliyomeza. Mbele ya daktari, badala ya kusema kwamba kichwa kinamuuma, ataweza kusema kwamba katika majuma manane kimempwita mara sita kwenye panja la kushoto, kila mara kwa takriban siku nzima, pamoja na kutapika na kuchukia mwanga, na kwamba alimeza tembe za mchanganyiko siku kumi na nne kati ya hizo hamsini na sita.